Kipande Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 18 Machi 2019

Nimepima vipande kumi na vinne leo. Kila kimoja mara mbili. Mteja wa Austria ana mtutu na kitako cha mbao tayari. Anachotaka ni vyuma vya ndani. Komeo, triga, springi tatu, bamba la chini, kile cha kulengea shabaha, skrubu zake, na kijiti cha chuma kinachogonga risasi. Hicho ni namba kumi na moja kwenye orodha. Kirefu kama kidole changu cha kati, chembamba, kimechongoka mbele. Bunduki yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja. Ataiunganisha, ataitundika ukutani, ataonyesha wageni.

Watu wanaokusanya bunduki za kale siwaelewi. Orodha naielewa. Kibali cha polisi wa hapa Johannesburg, kibali cha serikali ya kule, maelezo ya kila kipande, uzito, kisha saini ya aliyefunga. Aliyefunga ni mimi. Oom Kobus alinieleza siku ya kwanza: springi ni springi tu, mpaka ikutwe katika nchi ambayo haikuandikwa kwenye karatasi. Hapo inakuwa silaha, na anayetafutwa ni mwenye saini. Oom ni mjomba kwa Kiafrikaana, lugha yao. Jengo zima linamwita hivyo. Duka lake, leseni yake. Saini yangu.

Mgao wa umeme umerudi. Wanasema wiki nzima. Chumba cha nyuma hakina dirisha, na sheria yake ni moja: vipande vikiwa nje ya sefu, haingii mtu mwingine.

Mama Bea, fundi cherehani wa mlango wa pili, ameniomba nimpimie mzigo kesho. Vipuri vya cherehani vya binti yake, Gisèle, aliyefungua duka la kushona Lubumbashi, kwao Kongo. Mashine zake mbili zimekufa na nguo za Pasaka za watu zimelala mezani. Nimesema nitaona. Amesema, "Petit, weye kila siku unaona, unaona. Una macho mangapi?" Vijana wote anatuita petit, hata wenye ndevu.

Kibali changu cha kazi kinaisha Juni. Kimeandikwa jina la duka hili. Bila barua ya Oom hakuna kibali kipya.

Jumanne, 19 Machi

Nimevunja sheria. Naandika haraka ili iishe.

Oom alikwenda Pretoria tangu asubuhi kwa mambo ya leseni. Saa nane kasorobo Mama Bea alikuja na vipuri vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Lori linapokea mizigo saa kumi, alisema, na kwake wateja wamejaa hadi kwenye ngazi. Ningeweza kumtolea mizani nje. Imefungwa darini kwa ndoano, ningehitaji ngazi. Nikasema ingia, usiguse kitu.

Nikampa boksi. Nikampa na karatasi ya mafuta, vyuma visishike kutu njiani. Boksi lile lile tunalotumia, karatasi ile ile. Wema wangu huo.

Tukafunga kila mtu upande wake wa meza. Lake, vipuri tupu, kilo saba na gramu mia mbili. Langu lilikuwa na vipande kumi na vitatu ndani. Namba kumi na moja nilikuwa bado nakifuta.

Saa nane umeme ukakatika. Giza la chumba kile huwezi kuona mkono wako. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo, ikazima baada ya dakika. Mama Bea alicheka tu. Anashona gizani tangu utoto, alisema, sindano yake inajua njia. Akavuta boksi lake, akalivalisha kitambaa cha turubai, akashona kingo zote. Hivyo ndivyo wanavyotuma mizigo ya kwao. Boksi lililoshonwa halifunguliwi na mtu mpaka lifike kwa mwenyewe. Akamaliza kwa kupitisha sumaku yake juu ya meza, kuokota pini zilizoanguka. Nami nikapapasa, nikakipata kipande changu, nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia ndani, nikabandika utepe wa lakiri.

Umeme uliporudi nikalitundika boksi lake kwenye mizani kabla hajalishusha. Kilo tisa.

Kilo moja na gramu mia nane zaidi. Niliona. Sikusema. Najua wanavyofanya: nafasi tupu ndani ya boksi ni kama dhambi, dakika ya mwisho wanaijaza sabuni, viatu vya mtoto, chochote. Na kumwambia fundi akate uzi alioshona mwenyewe, ili mimi nichungulie, ni kumwita mwongo. Umri wa mama yangu. Nikaandika kilo tisa kwenye karatasi yake ya lori, "vipuri vya cherehani na vitu vidogo", nikatia saini, nikambebea hadi chini.

Oom hakuuliza kitu aliporudi.

Jumatano, 20 Machi. Asubuhi

Boksi la Austria lina kilo saba na gramu mia mbili.

Nimepima mara nne.

Jumatano, mchana

Oom alikuwa mbele na mteja. Nimefunga mlango, nimekata lakiri. Gurudumu la cherehani. Miguu ya kushikia kitambaa. Bobini kumi na mbili. Juu kabisa, kwenye karatasi niliyoikunja mwenyewe, fimbo ya kushikia sindano. Hiyo ndiyo niliyoipapasa gizani. Urefu ule ule.

Kwa hiyo kuna mambo mawili.

La kwanza: vipande kumi na vitatu vya bunduki viko ndani ya lori kuelekea Kongo, vimeshonwa kwenye turubai, na karatasi yenye saini yangu inasema ni vya cherehani.

La pili: namba kumi na moja hakiko humu wala hakiko kule. Nimetambaa sakafuni na tochi. Nimetikisa kapu la taka. Hakuna.

Nimefunga boksi tena, nimelirudisha rafuni kana kwamba liko sawa. Msafirishaji atalichukua Ijumaa kwa sababu kesho ni sikukuu. Nilifikiri kitu cha aibu: nikinyamaza, boksi hili litafika Austria, mtu atakuta bobini, ataandika barua ya hasira, na itachukua wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi.

Kisha nikamfikiria dereva.

Jumatano, jioni

Lori liliondoka alfajiri. Uani linapopakia mizigo nimekuta matone ya oili na mlinzi anakula.

Nimemwambia Mama Bea. Alikuwa akipima kiuno cha bibi harusi. Alinisikiliza huku pini ziko mdomoni, akazitoa moja moja, akamwambia bibi harusi arudi kesho kutwa. Mlango ulipofungwa akasema, "Mi nilipana sindano. Weye umemutumia mutoto yangu bunduki?"

Kupana kwao ni kutoa. Nikasema ni vipande tu, ni vya zamani. Akasema Lubumbashi hakuna askari atakayeuliza ni vya mwaka gani.

Dereva anaitwa Papa Kalenga. Husafiri peke yake na simu huizima barabarani, kwa sababu kila mwenye mzigo hutaka kujua umefika wapi. Huiwasha asubuhi kuzungumza na mkewe. Atalala karibu na mpaka, Musina. Kesho atapanga foleni kuingia Zimbabwe, kisha Zambia, kisha kwao. Mipaka mitatu, na kila mmoja una mbwa na watu wenye visu vya kukatia turubai. Nina hesabu hiyo kichwani na siwezi kuizima.

Mama Bea alisema nimwambie patron wangu, yaani bosi, leo hii. Nimesema kesho, tukishampata dereva. Aliniangalia. Hakusema kwamba mimi ni mwoga. Angesema ningejisikia nafuu.

Sikumwambia kuhusu namba kumi na moja.

Alhamisi, 21 Machi

Nilifika kwake mtaa wa Observatory saa kumi na mbili asubuhi, nyumba tatu juu ya ninapopanga. Alikuwa amevaa tayari, viatu vya kufungwa, mkoba begani. Tulipiga simu mpaka saa moja na nusu. Papa Kalenga akapokea. Mama Bea akamweleza kwa Kiswahili cha kwao, haraka mno, nilishika nusu. Kisha akaweka sauti ya nje.

Yuko kwenye foleni, alisema. Malori kumi mbele yake. Ataitupa ile kitu porini sasa hivi.

Nilipiga kelele kwenye simu ya watu. Usitupe! Ikitupwa ni silaha iliyopotea, ikiokotwa ni silaha ya mtu mwingine, na mimi ndiye niliyeifunga. Akauliza, "Huyo anayelia ni nani?"

Mama Bea akamwambia atoke kwenye foleni, asubiri kwenye kituo cha mafuta cha Musina. Akalalamika sana. Amepanga tangu usiku. Ana friji ya watu, ana magodoro ya watu. Akatoka.

Hapo niliona jambo ambalo nilipaswa kuliona jana. Siwezi kwenda kuvichukua. Nikipanda teksi kurudi Johannesburg na vyuma vile kwenye mfuko, mimi mwenyewe ndiye mtu mwenye silaha bila kibali. Mwenye haki ya kuvishika ni mmoja tu, na ni sikukuu, na amelala.

Nilimpigia Oom saa mbili kasoro dakika kumi. Nilisema yote kwa sentensi tatu nilizoziandika kwanza kwenye karatasi. Nilisikia kijiko kwenye kikombe. Akauliza kama mwanamke huyo aliingia chumba cha nyuma. Nikasema ndiyo. Akauliza kama vyote kumi na vinne vimo ndani ya boksi lake.

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Akasema anapita dukani kuchukua kitabu cha leseni na boksi la pili, halafu atakuja kutuchukua, tusimame nje. Dereva amesema boksi lililoshonwa haliguswi bila aliyelishona, asije akaitwa mwizi. Kwa hiyo Mama Bea lazima aje.

Pikapu ya Oom ina kiti kimoja kirefu. Oom kwenye usukani, mimi katikati, Mama Bea dirishani na mkoba mapajani. Hawana lugha moja. Kilomita mia tano. Tulipopita Pretoria Mama Bea akasema nimwambie patron kwamba anaendesha kama mtu anayepeleka mayai. Nilitafsiri vingine. Oom akasema nimwambie ameelewa. Akaongeza mwendo.

Karibu na Polokwane polisi walitusimamisha. Siku ya sikukuu, kizuizi cha kawaida. Ofisa alisoma kitabu cha leseni ukurasa kwa ukurasa. Akatazama boksi la vipuri. Akamwambia Mama Bea afungue mkoba. Biblia, chupa ya maji, mkate, kopo la biskuti la kuwekea vitu vya kushonea. Akalitikisa kopo, likalia. Akauliza ni nini. Mama Bea akajibu kwa Kizulu chake kibovu kwamba ni kazi yake hiyo, anataka apimwe suruali? Ofisa akacheka, akatupungia mkono.

Tulifika Musina saa nane na nusu. Joto kali. Papa Kalenga alikuwa amekaa chini ya lori lake, mtu mfupi mwenye shati la kanisani. Alimsalimia Mama Bea kwa heshima, akamsalimia Oom, akanitazama mimi. "Ni weye ulikuwa unalia?"

Boksi lilikuwa zima. Mshono mzima. Nikashika bodi ya lori.

Tukaliingiza nyuma ya pikapu, chini ya turubai ya Oom. Mama Bea akafungua kopo lake kuchukua mkasi. Mkasi ulikuwa umenata kwenye sumaku. Pini zilikuwa zimenata kwenye sumaku kama nywele. Na katikati ya pini, kirefu kama kidole cha kati, kimechongoka mbele, namba kumi na moja.

Kimesafiri na sisi mapajani mwake. Ofisa alikitikisa kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Bea aliona ninachokiona. Oom alikuwa amegeuka kutafuta miwani. Nilikibandua. Nilikishika ndani ya ngumi. Mama Bea alipokata mshono na kufungua mabawa ya boksi, niliingiza mkono kwanza, kana kwamba napanga vizuri.

Oom alihesabu taratibu, akilinganisha na orodha. Kumi na vinne. Kimoja hakikuwa na karatasi. Nilisema imefunguka kwa mtikisiko. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayesali, ila yeye si mtu wa kusali.

Mama Bea akavalisha turubai lile lile kwenye boksi la cherehani, akashona pale pale juu ya bodi ya pikapu, jua la Musina likimpiga kisogoni. Hakuniangalia hata mara moja. Papa Kalenga akarudi kwenye foleni, mkiani.

Kurudi, Mama Bea alilala. Mimi sikulala.

Ijumaa, 22 Machi

Vipande vimo kwenye sefu. Oom amemwambia msafirishaji asije mpaka atakapomwita. Amenipa karatasi tupu. Niandike kilichotokea tangu mwanzo, kwa maneno yangu, nitie saini. Jumatatu anaipeleka polisi pamoja na kitabu chake. Nilidhani angenyamaza, kwa kuwa hakuna kilichopotea. Alisema yeye ana leseni hii miaka thelathini kwa sababu hanyamazi.

Nimeandika kurasa mbili. Mgao, meza, maboksi mawili, uzito niliouona nikaufumbia macho. Nzuri. Inasomeka vizuri. Namba kumi na moja hakimo.

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda ibada. Nimefua mashati yote, hata safi.

Kichwani nasema hivi: kimepatikana, kimehesabiwa, kiko ndani ya sefu, nani amedhurika? Halafu najiona kwenye kile kiti, yule ofisa akitikisa kopo. Angelifungua, angemkamata Mama Bea. Yeye, siyo mimi. Angeeleza kwa lugha gani? Na kitabu cha leseni cha Oom kisingemsaidia, kwa sababu Oom asingejua kipande hicho kimefikaje kwenye kopo la pini. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba kimepotea. Tangu Jumatano. Ningesema kwenye simu, Mama Bea angefungua kopo sebuleni kwake na tungekiona kabla ya kufunga mkanda.

Jioni nilipanda kwake. Alikuwa anasonga ugali, akanipa wangu bila kuniuliza. Nikamwambia najua kosa langu. Akasema anafurahi najua, kwa sababu yeye amelikalia siku tatu na limempa maumivu ya mgongo. Akasema, "Petit, uliniweka na kitu ya kufungwa nayo. Mbele ya polisi mi nilimuchekesha. Nilicheka na kifo yangu." Kisha akaniongezea mchuzi.

Nilimwomba msamaha vizuri, kwa kupiga goti, kama ningemwomba mama. Alisema niinuke, ugali unapoa.

Sikumwambia nitafanya nini. Nilikuwa sijui.

Jumatatu, 25 Machi

Nimechana zile kurasa mbili. Nimeandika tatu.

Oom alizisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu alikaa. Alisoma mara ya pili, kidole chini ya kila mstari, kama anavyosoma vibali. Akauliza kama kwenye simu, nilipomjibu ndiyo, nilikuwa nimeshajua. Nikasema nilikuwa nimeshajua. Akauliza kama Musina nilikiingiza kwa ngumi. Nikasema kwa ngumi.

Hakufoka. Ningependa afoke. Alisema kosa la gizani angeweza kulifanya hata yeye. Alisema kosa la kwenye simu lilifanyika mchana kweupe.

Akachukua kalamu, nikadhani anaufuta ukurasa wa tatu. Akatia saini yake chini ya yangu. Akaondoka na pikapu kwenda polisi. Hakuniambia nibaki wala niende. Nilibaki. Nilipanga bahasha kwa ukubwa. Nilizipanga tena kwa rangi.

Alirudi saa tisa. Kesho kutwa ofisa atakuja kukagua sefu na kutuhoji. Mimi na Mama Bea.



Jumatano, 27 Machi

Ofisa ni mwanamke, mtulivu, miwani shingoni. Alikuwa na kurasa zangu tatu mkononi, amepigia mistari. Aliniuliza mambo yale yale kwa mpangilio mwingine. Nilijibu kama nilivyoandika. Kwa kuwa yote yalikuwa kweli sikuhitaji kukumbuka chochote, na hilo lilinishangaza. Alikuwa na mkalimani wa simu kwa Mama Bea lakini Mama Bea alinitaka mimi. Ofisa akakataa, na ni sawa. Nilisubiri ukumbini nikisikia sauti ya Mama Bea inapanda na kushuka kupitia ukuta. Nilisikia neno sumaku mara tano.

Kisha ofisa alilitaka kopo. Alilifungua, akaipitisha sumaku mezani mwenyewe, juu ya pini na skrubu, akaona vinavyoruka na kunata. Aliandika kitu kifupi.

Oom amepewa onyo la maandishi. Litakaa kwenye faili lake. La kwanza katika miaka thelathini. Mama Bea hana kesi. Mimi sina kesi. Jina langu liko kwenye faili. Alisema hivyo kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Alipoondoka Oom alinyoosha mkono, kiganja juu. Nilielewa. Nilitoa ufunguo wa chumba cha nyuma kwenye pete yangu. Ulikuwa umekaza, ukucha ukavunjika. Nikauweka mkononi mwake.

Kuhusu barua ya Juni hakusema. Sikuuliza.

Ijumaa, 12 Aprili

Boksi la Austria liliondoka wiki iliyopita. Oom alifunga, Oom alipima, mimi nilipiga chapa orodha nikiwa huku mbele. Vipande kumi na vinne. Ameandika saini yake pale pa mfungaji.

Leo asubuhi nimekuta bahasha juu ya meza yangu. Barua ya kibali. Mistari minne. Inasema nimefanya kazi hapa tangu mwaka juzi, inasema kazi yangu ni karani, inasema duka linanihitaji. Haisemi kwamba mimi ni mwaminifu, kama ile ya kwanza ilivyosema. Niliisoma mpaka nikaiona nafasi ambapo sentensi ile ilikuwa. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya daftari hili. Jioni hii najua nitakuwa na kazi mwezi Julai. Ufunguo sina.

Mashine za Gisèle zinafanya kazi. Mama Bea amenionyesha picha: nguo nane za Pasaka zimetundikwa ukutani, na boksi letu pembeni, limegeuzwa kuwa kiti.

Mchana alikuwa na mzigo mwingine wa kumpa Papa Kalenga. Oom ametundika mizani ya pili kwenye korido, juu ya ngazi, mahali pana dirisha. Hakumwambia mtu, niliikuta tu. Mama Bea alileta boksi likiwa limeshonwa tayari pande tatu. Upande wa nne aliuacha wazi, upana wa kiganja, sindano ikiwa imening'inia kwenye uzi.

Nikapima. Gramu mia sita zaidi ya alichoniambia.

Nilimwuliza ameongeza nini.

Hakukasirika. Akapanua ule mwanya kwa vidole viwili, akanigeuzia boksi. Niliingiza mkono. Sabuni mbili. Kiatu cha mtoto, na mwenzake. Nikatoa mkono, nikaandika sabuni, nikaandika viatu, nikatia saini.

Kisha akakaa kwenye ngazi akamalizia kushona.